Mwaka Tuliojifunza Kusema Huenda

Tulimzika Tabitha Jelagat kule Moiben mwezi uliopita, na wasifu wake ulisomwa na mjukuu wa kike mwenye sauti thabiti. Ulitaja watoto wake, ng'ombe wake wa gredi, miaka aliyokuwa mweka hazina wa kanisa, na ugonjwa uliomlaza mwishoni. Mwaka ninaoujua mimi haukutajwa. Baadaye kijana wa mradi fulani, amevaa fulana yenye mchoro wa jua na wingu, alipewa kipaza sauti akasema marehemu alikuwa miongoni mwa wakulima wa kwanza kupata mafunzo ya tabianchi yalipofikishwa huku miaka michache iliyopita. Watu waliitikia kwa makofi ya heshima. Mimi nilikuwa chini ya hema la wageni, kando ya Ochieng, rafiki yangu wa tangu ujana, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo na masikio yake yamepungua nguvu. Aliniinamia akauliza kijana amesema nini. Nilipomwambia, alicheka kimyakimya mpaka mabega yakatikisika, kisha akafuta macho, na sikujua kama machozi yale yalitoka kwenye kicheko au kwenye jeneza lililokuwa mbele yetu. "Andika wewe," akaniambia. "Wewe ndiye mwalimu." Basi naandika. Simlaumu yule kijana, maana alizaliwa mambo hayo yakiwa yamepita. Lakini umri nilioufikia unaniruhusu kujivunia jambo bila kuomba radhi, na jambo hili najivunia kuliko vyeti vyote vilivyotundikwa sebuleni kwangu.

Miaka ya themanini ilikuwa bado michanga, nami nilikuwa msichana niliyemaliza shule nikaajiriwa kufundisha ngumbaru, ndivyo tulivyoyaita madarasa ya watu wazima wasiojua kusoma. Nilipanga chumba Eldoret, nyuma ya duka la Mzee Adan, mfanyabiashara Msomali aliyekuwa na malori ya kubeba mahindi na maziwa. Chumba kilikuwa na kitanda, stovu ya mafuta ya taa na dirisha moja lililotazama ua wa kuoshea magari. Ukuta mmoja ulikuwa wa mbao, na nyuma ya mbao hizo kulikuwa na stoo ya Mzee Adan. Kwa hiyo niliishi na sauti za stoo: magunia yakidondoshwa, redio isiyozimwa, madereva wakibishana juu ya barabara gani imekatika, na Mzee Adan mwenyewe akinyamazisha wote wakati wa swala ya alasiri. Asubuhi mkewe alipika anjera, mkate mwembamba wa Kisomali, kwenye bamba la chuma, na harufu yake ilipenya katikati ya mbao ikanikuta hata sijavaa viatu. Aligonga ukuta kwa mwiko. Nikizunguka, nakuta sahani yangu imeshawekwa juu ya gunia, na chai yenye tangawizi na iliki imemiminwa.

Darasa langu rasmi lilipangiwa ukumbi wa kanisa mjini. Wiki za mwanzo nilifundisha viti. Watu wazima waliona haya kuonekana wakiingia ukumbini na penseli, hasa wanaume. Wakati huohuo, kila siku ya soko, kikundi cha wakulima kutoka Moiben kilishuka na lori la Mzee Adan kuuza maziwa, kuku na mboga, na kikimaliza kilikaa ndani ya stoo kungoja lori lipakie mbolea na sabuni lirudi. Wengi walikuwa akina mama. Walikaa juu ya magunia wakifuma vitambaa na kusimuliana. Siku moja nilibeba ubao wangu nikautegemeza kwenye mzani. Mzee Adan aliutazama, akautazama mzani, akasema ikiwa elimu itamfanya asiuze sukari basi tutahitilafiana, la sivyo niendelee. Nikaning'iniza picha ya Rais juu ya mlango, kama ilivyotakiwa kila mahali siku zile, na hilo likawa darasa. Wa kwanza kusogeza gunia lake mbele alikuwa Tabitha, ambaye sote tulimwita Mama Kiprop kwa jina la kifungua mimba wake. Alikuwa mrefu, mwenye mkono mzito uliozoea kukamua, na aliishika penseli kama mtu anayemshika mbuzi asiyetaka kwenda. Alikuja siku zote na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando yenye unga wa mkaa, akatugawia. Mzee Adan alidai maziwa ya ngamia ni bora. Mabishano hayo hayakupata mshindi mpaka mmoja wao alipokufa.

Ochieng nilimsikia kabla sijamwona. Alifanya kazi kwenye kituo cha hali ya hewa, na alipenda kupitia stoo kunywa chai akitoka kazini. Nilikuwa chumbani nasahihisha herufi za wanafunzi wangu, naye upande wa pili wa mbao akimlalamikia Mzee Adan. Alisema wao wanapima mvua, upepo na joto kila siku, asubuhi na jioni, kwa vifaa vinavyotunzwa kama mayai. Wanatuma ripoti Nairobi, Nairobi wanatoa taarifa, na redio inaisoma. "Halafu watu wanaisikiliza kama matangazo ya vifo," akasema. "Wanangoja kusikia kama jina lao limetajwa. Lisipotajwa, wanaendelea kula." Niliweka kalamu chini. Nilizunguka nikamwambia kwamba mimi nina watu wanaotafuta kitu cha kusoma, na vitabu nilivyopewa vinaeleza habari za paka aliyekaa juu ya mkeka, jambo ambalo halimsaidii mkulima wa Moiben. Nikamwuliza kama anaweza kuniletea taarifa zake tuzitumie kufundishia. Alishtuka. Alisema zile ni karatasi za serikali. Nikamjibu kwamba hata mimi ni mwalimu wa serikali na picha iko pale mlangoni. Mzee Adan akacheka, akamwongezea chai.

Alipokuja mara ya kwanza, alivaa tai. Alichora jua, bahari na mishale inayopanda na kushuka, akaeleza jinsi hewa yenye unyevu inavyosafiri mpaka huku kwetu juu. Alieleza vizuri, lakini kwa lugha ya mtu aliyefaulu mtihani. Akina mama walimtazama kwa huruma. Akajaribu kueleza kwamba hali ya hewa ni mambo ya siku moja, na kuna jambo lingine kubwa zaidi, ambalo ni desturi ya mvua na joto mahali fulani kwa miaka mingi, na kwamba hili la pili ndilo linalomsaidia mkulima kupanga. Alikosa neno la Kiswahili la kuliita hilo jambo la pili. Mimi pia nililikosa. Tukasimama pale ubaoni kama watu waliofika mtoni wakakuta daraja limeondoka. Mama Kiprop akauliza kama ni sawa na mambo ya ng'ombe. Ochieng akamwuliza ng'ombe gani. "Ukiniuliza huyu ng'ombe amefanya nini leo asubuhi, nitakuambia amepiga ndoo teke," akasema. "Lakini mtu akitaka kumnunua, haulizi ya leo. Anauliza tabia." Ochieng akafuta mishale yake yote, akaandika katikati ya ubao: TABIA YA MVUA. Kutoka hapo alipata njia. Akaeleza kwamba ng'ombe mpole anaweza kupiga teke siku moja na tabia yake ikabaki ileile, na kwamba kujua tabia kunataka kumwangalia kwa miaka, na hiyo ndiyo kazi anayofanya kila asubuhi na chombo chake. Leo nikisikia neno tabianchi kwenye redio, najua wataalamu walilitunga wenyewe, mbali na sisi. Hata hivyo kila mara nikilisikia, huona chaki ya Ochieng ikigusa ubao ule.

Mwaka ule mvua ilikuja mapema. Februari ilikuwa haijaisha tukasikia mabati yakipigwa, na asubuhi Eldoret nzima ilinuka udongo. Hakuna furaha inayofanana na hiyo kwa watu wa mahindi. Kila trekta ilitoka, malori ya Mzee Adan yakapanda Moiben na mbegu na mbolea mara mbili kwa siku, na darasani watu walikaa upande upande wakitaka kurudi shambani. Ochieng peke yake hakufurahi. Alikuwa amekaa na rekodi za kituo, na nyingine za zamani zaidi zilizoachwa na mashamba makubwa ya walowezi, akatuambia kwamba miaka mvua ilipokuja mapema namna hii, mara nyingi ilikatika kwa wiki kadhaa, mahindi yakiwa yameota tu, ndipo ikarudi. Ofisi yake ilikuwa imetoa taarifa kwa Kiingereza, yenye maneno ya tahadhari. Lakini mtangazaji aliposoma kwa Kiswahili, alisema mvua zitakatika. Basi watu wakagawanyika: nusu wakaogopa kama wamesikia amri, na nusu wakatoka nje, wakaona inanyesha, wakaicheka redio. Ochieng alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Neno moja dogo lilikuwa limedondoka njiani kati ya lugha mbili, na neno lile ndilo lililobeba maana yote.

Tukakaa alasiri nzima kulitafuta. Nakumbuka mvua ikipiga juu yetu, chai ikipoa, na watu wazima wakibishania neno kama wanaobishania mpaka wa shamba. Nilipendekeza labda. Mzee Adan akalikataa. Alisema labda ni neno la mtu asiyetaka kuja harusini. Ochieng akaleta inatarajiwa. Mama mmoja akasema huku kwetu kinachotarajiwa ni mheshimiwa, na akitarajiwa ni lazima tusimame barabarani tumngoje, aje asije. Tulicheka, halafu tukatazama mlango, maana zilikuwa siku za kutazama mlango baada ya kucheka. Mwishowe likabaki huenda. Mama Kiprop alilipenda. Alisema neno hilo lina miguu, linaonyesha jambo limeelekea upande fulani ingawa halijafika. Lakini yeye huyohuyo akauliza swali lililotusumbua: huenda hiyo ni kubwa au ndogo? Kuna huenda ya mgeni aliyeko Nakuru, na kuna huenda ya mgeni unayeona vumbi lake.

Jibu tulilitengeneza pamoja, mimi na Ochieng, tukitumia vitu vya stoo. Tulichukua gorogoro, mkebe ule wa kupimia nafaka, tukatia maharagwe mekundu kuwa ni miaka ya mvua ya mapema iliyokatika, na mahindi meupe kuwa ni miaka ambayo haikukatika. Ochieng alihesabu kutoka rekodi zake bila kupunja. Maharagwe yalikuwa mengi zaidi, mahindi hayakuwa haba. Tukatikisa, kila mtu akafumba macho akachota punje moja. Wengine walitoa maharagwe, wengine mahindi. Nikawauliza ni nani aliyekosea, wakasema hakuna. Nikauliza, kama mbegu yako ya mwaka mzima imo ndani ya gunia moja, na mwaka huu ni punje moja utakayochota bila kuona, utaimwaga mbegu yote leo? Mvua ilikuwa bado inanyesha nje, na kila mmoja pale alikuwa na shamba lililolimwa linalongoja. Halafu wakaanza kuzungumza wenyewe kwa wenyewe, Kikalenjin na Kiswahili vikichanganyika, na kabla lori halijapiga honi walikuwa wameafikiana jambo ambalo mimi wala Ochieng hatukuwa tumelisema: kupanda nusu, kuweka nusu, na kukata nyasi za ng'ombe zikiwa bado mbichi, wazikaushe ziwe akiba.

Maneno yalipanda Moiben pamoja na lori, na siku chache baadaye chifu akaniita. Mtu asiyeishi miaka ile hawezi kujua uzito wa kuitwa. Mwalimu mwenzangu alihamishwa mpaka mbali kwa sababu ya mzaha aliousema kwenye hoteli. Mkutano bila kibali ulikuwa kosa, na darasa linaweza kugeuka mkutano mdomoni mwa mtu mbaya. Usiku uliotangulia sikula. Mama Kiprop akasema sitakwenda peke yangu. Alikuwa amebeba kikapu chake, tukapanda naye. Ofisi ya chifu ilikuwa na sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, benchi moja, bendera nje na picha ukutani. Chifu alikuwa mtu mnene, mtaratibu, na hakupandisha sauti. Aliniuliza nimetumwa na nani. Nikamjibu kazi yangu. Akaniuliza kwa nini watu wake wanarudi kutoka Eldoret wakisema mwaka huu ni wa njaa. "Mwalimu," akasema, "hapa kwangu hakuna mtu anatangaza njaa bila ruhusa." Nilianza kumweleza kwamba hatukutangaza njaa, tulisema huenda, naye akanikatiza kwamba huenda ni neno la wanasiasa. Ndipo Mama Kiprop, aliyekuwa amekaa kwenye benchi, akainuka, akatoa gorogoro kikapuni, akaiweka juu ya meza ya serikali. Sikujua kama alikuwa ameibeba.

Alimweleza chifu kwa Kiswahili, polepole, maana alitaka mimi pia nisikie kwamba anaeleza sawasawa. Akamwambia afumbe macho achote. Chifu alitazama dirishani, kisha akachota. Ilikuwa punje ya mahindi. Uso wake ukafunguka, akaniambia nimeona mwenyewe, mvua haitakatika. Mama Kiprop akasema, "Rudisha, Mzee. Chota tena." Akatoa haragwe. Akatoa haragwe lingine. Akatoa hindi, kisha maharagwe mfululizo, na kila alipochota alitulia zaidi, mpaka akaacha mkono ndani ya mkebe bila kuutoa. Akauliza rekodi hizo ni za wapi. Nikamwambia ni za hapahapa, si za Nairobi. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba trekta ilimaliza shamba lake jana, na mbegu yake yote imo ardhini. Baada ya muda akavuta karatasi akaandika kibali cha baraza, akaweka sharti kwamba ofisa wa hali ya hewa awepo na yasomwe yaliyoandikwa tu. Mkubwa wa Ochieng naye alikubali kwa sharti hilohilo, baada ya kuisoma tafsiri yetu ya Kiswahili ya ile taarifa mara nyingi na kutubadilishia koma.

Siku ya baraza uwanja wa Moiben ulijaa. Watu walidhani Ochieng ndiye atakayesoma, kwa sababu ya tai yake, au mimi, kwa sababu ya chaki. Lakini tulikuwa tumeshaamua. Mama Kiprop alisimama mbele ya majirani zake, mwanamke ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa akitia kidole gumba penye jina lake, akashika karatasi kwa mikono miwili akasoma. Alisoma kwa kutua, akifuata mstari kwa kucha. Alipofika kwenye huenda, hakulipita. Aliinua macho akalieleza, akarudi kwenye mstari. Minong'ono iliyokuwa uwanjani ilikwisha. Nilisikia ng'ombe kwa mbali na karatasi ikitikisika kwa upepo. Nimehudhuria mahafali mengi tangu siku hiyo, yenye majoho na bendi, na sijapata kuona tena kitu kilichonijaza kifua namna ile. Baada yake alisimama Arap Sang, mkulima mwenye shamba kubwa lililopakana na la Mama Kiprop, akasema mvua ni ya Mungu, na mtu anayeisemea anajipima na Mungu. Wengi waliitikia kwa kichwa. Mzee Adan, aliyekuwa amekuja na lori lake, aliomba nafasi. Alisema yeye huswali mara tano na anajua mvua ni ya nani. "Lakini Mwenyezi Mungu hakuyaficha mawingu," akasema. "Ameyaweka juu, kila mtu ayaone. Hawa wanatazama tu kwa miaka mingi kuliko mimi na wewe." Kisha akaketi, na chifu akafunga mkutano kwa wimbo.

Wengi walipanda nusu. Arap Sang alipanda yote. Mvua iliendelea kidogo, kisha ikakatika. Mahindi yaliyokuwa yamefika gotini yakajikunja kama majani ya chai, na kila nilipokwenda Moiben nilikuta watu wamesimama kwenye mipaka ya mashamba, mikono nyuma. Hali ikawa hivyo sehemu nyingi za nchi, na mbaya zaidi kwingine kuliko kwetu. Ndio mwaka tulipokula mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo, ugali wenye harufu tusiyoizoea, na malori ya Mzee Adan yaliyokuwa yakibeba mahindi kutoka Moiben sasa yakawa yanayapeleka huko. Mvua iliporudi, waliokuwa na mbegu stoo walipanda tena. Hawakupata mavuno ya kujisifu, lakini walipata. Ng'ombe walioachiwa nyasi kavu walibaki hai. Chifu mwenyewe alikopeshwa mbegu na akina mama wa darasa langu, na sikusikia tena akitaja wanasiasa.

Ila mvua haina haki. Upande wa mlimani, mashamba machache yalipata manyunyu wakati wote ambao kwingine kulikauka. Mashamba hayo yalikuwa ya Arap Sang na ya jirani yake, Mama Kiprop. Arap Sang alivuna shamba zima. Mama Kiprop, aliyeacha nusu ya shamba lake bila kupandwa mpaka mvua iliporudi, alivuna vizuri nusu ya kwanza, na ile ya pili ikampa vigunzi vidogo. Alichekwa sokoni. Watu waliimba kwamba mama wa karatasi amesoma mpaka gunia likabaki tupu. Nilikwenda kwake na Ochieng, mioyo yetu mizito, tukiwa tumejiandaa kumwomba msamaha. Alikuwa jikoni anageuza ugali, na alitupa kazi ya kukatakata mboga kabla ya kutusikiliza. Aliposikia tunataka kusema nini, alisema tuyaweke maneno hayo mpaka baraza la mavuno, kwa sababu huko ndiko atakakoulizwa.

Na kweli aliulizwa. Arap Sang alisimama akasema, bila ubaya mwingi, kwamba karatasi ilidanganya, na shahidi ni jirani yake mwenyewe. Chifu akamgeukia Mama Kiprop. Nilikaa nimeshika ukingo wa benchi. Kila nilichofundisha mwaka ule kilikuwa kimesimama pale na kitambaa chake cha kichwa, na sikuwa na jinsi ya kumsaidia. "Karatasi haikudanganya," akasema. "Haikusema shamba langu litakauka. Ilisema huenda, na sisi wote tulichota kwa mkono wetu. Arap Sang amechota hindi, nafurahi na yeye, tutakula harusi ya mtoto wake. Lakini angalieni nyuma yangu, mhesabu waliookoa mbegu yao. Mwaka ujao mvua ikija mapema, nitapanda nusu tena." Akaketi. Hakupigiwa makofi. Watu walikuwa wanafikiri, na nilitazama fikira hiyo ikipita usoni mwa mmoja baada ya mwingine kama kivuli cha wingu kinavyopita juu ya ngano. Mtu anaweza kufundishwa kufurahia jambo lililofaulu. Yeye alikuwa amepata hasara, na bado alielewa kwamba jambo lenyewe ni kubwa kuliko faida yake, akalieleza mbele ya waliomcheka. Ochieng aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Msimu uliofuata nilipitia kituo cha hali ya hewa kuchukua taarifa ya darasa. Zamani ofisi ile haikuwa na mgeni ila ndege waliotua kwenye uzio. Siku hiyo nilikuta wakulima wamekaa kwenye nyasi mbele ya mlango, wengine wametoka Burnt Forest, watu ambao sikuwafundisha wala sikuwajua. Maneno yalikuwa yamewafikia yenyewe, kwa masoko na makanisa na malori. Ochieng alikuwa mezani. Mzee mmoja mwenye koti la mvua lililochakaa aliingia, akavua kofia, na mimi na Ochieng tukangoja lile swali ambalo watu wote duniani humwuliza mtu wa hali ya hewa, kama itanyesha na lini. Yule mzee akasafisha koo. "Kijana," akauliza, "kwa haya mnayosema mwaka huu, nyinyi wenyewe mna uhakika kiasi gani?" Ochieng alinitazama. Kisha akainuka, akamvutia mzee kiti, akaanza kumweleza.